Mguu wa Kusimamia

Agosti 2016, Rio de Janeiro, fainali ya taekwondo ya wanaume wasiozidi kilo 80. Cheick Cissé wa Ivory Coast ana pointi 4, Mwingereza Lutalo Muhammad ana 6, na saa inamalizia sekunde ya mwisho. Cissé anampa mpinzani mgongo, anazunguka, mguu unapaa na kugonga kofia ya kichwani. Pointi 4 kwa pigo moja. Pambano linaisha 8 kwa 6, na nchi yake inapata medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Kijana anayeanza karate, taekwondo, kung fu au kickboxing akionyeshwa picha ya pigo lile atautazama mguu ulioko juu. Ushauri wangu karibu wote unahusu ule mwingine, uliobaki sakafuni. Huo ndio uliomzungusha Cissé na kumzuia asianguke kabla teke halijafika. Wengi wetu tuliyajua mateke kwa Bruce Lee na Van Damme ndani ya vibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikifunika ya mwigizaji, na filamu hizo zimeleta watu wengi dojoni. Lakini kamera hufuata mguu unaopaa. Mwalimu mzuri husimama pembeni na kuutazama kwanza ule wa kusimamia, na ningependa nawe ujifunze kujitazama hivyo.

Tuanze na teke la mzunguko, ambalo wanakarate huliita mawashi geri na watu wa Muay Thai hulipiga kwa ugoko. Ndilo linalopigwa vibaya kuliko yote. Anayeanza huurusha mguu kuanzia gotini, wayo ukiwa umenyooka, jinsi alivyozoea kupiga mpira kwenye uwanja wa vumbi tangu utotoni. Teke la namna hiyo hulia vizuri kwenye pedi lakini halina uzito. Uzito hutoka kwenye nyonga, na nyonga haiwezi kugeuka ikiwa mguu wa kusimamia umeganda sakafuni.

Fanya hivi, bila viatu, ukiwa umeshika ukuta au kiti. Kabla mguu wa kupigia haujaondoka chini, inua kidogo kisigino cha mguu wa kusimamia, zungukia ile sehemu nene ya wayo iliyo chini ya vidole, mpaka kisigino kielekee kule unakopiga. Utasikia nyonga ya upande wa pili ikifunguka na kusogea mbele yenyewe. Sasa inua goti likiwa limekunjwa, lielekeze kwenye shabaha, ndipo uachie ugoko. Rudisha goti lilipokuwa kabla ya kuuweka mguu chini. Rudia taratibu kiasi kwamba mtu akikuambia simama hapohapo katikati ya teke, utasimama bila kuyumba. Wanaoona zoezi hili ni la watoto wajaribu kulifanya bila kushika ukuta, mara kumi kila upande, kisha watazame mguu gani unaotetemeka.

Kugeuza mguu huo kuna faida nyingine: kunaliokoa goti. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, na msokoto linauvumilia kwa kiasi kidogo sana. Mwili wote ukizunguka huku wayo umekwama, nguvu yote ya mzunguko huishia kwenye kano za goti na kwenye gegedu iliyo kati ya mifupa. Mikeka ya mpira hung'ang'ania wayo kuliko saruji laini, na viatu vyenye soli ya kukwaruza hung'ang'ania zaidi. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa goti la kusimamia baada ya mazoezi, acha kuongeza nguvu na urudi ukutani. Kosa liko kwenye mzunguko.

Teke la mbele ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa kuliko yote, ingawa halimvutii mtu anayetazama. Inua goti hadi usawa wa kitovu, sukuma nyonga mbele, kanyaga shabaha, rudisha. Mguu wa kusimamia ubaki umekunjwa kidogo. Ukiunyoosha kabisa au ukisimama kwa vidole, pigo litakurudisha wewe nyuma badala ya kumsukuma mwenzako. Vidole vya mguu unaopiga vivutwe juu. Wanaoviacha vimenyooka huvivunja kwenye kiwiko cha mpinzani. Na usilale nyuma. Kichwa kikishapita nyuma ya kisigino cha kusimamia, hata mtoto anaweza kukuangusha.

Vipi kuhusu urefu? Karate ya zamani ya Okinawa ilipiga zaidi chini: tumbo, kinena, goti. Mateke ya juu yalishamiri baada ya sanaa hiyo kuingia Japani bara, alikoipeleka Gichin Funakoshi mwaka 1922, na mwanawe Gigo hutajwa miongoni mwa walioyakuza. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba asiyefika kichwani si mwanakarate. Piga usawa wa paja, kisha mbavu, na usipande juu zaidi mpaka teke la mbavu litoke safi hata ukiwa umechoka. Msamba usiulazimishe. Ile desturi ya kumkalia mwenzako mgongoni ili miguu ifunguke imewachania watu misuli ya ndani ya paja, wakauguza kwa miezi mingi. Pasha mwili moto kwanza, rusha miguu taratibu mbele na pembeni, na mivuto mirefu ya kutulia iache mwisho wa mazoezi.

Nina la kusema zaidi kuhusu teke la chini, lile la paja na kigimbi, kwa sababu hapo ndipo maana ya mguu wa kusimamia inapoonekana wazi. Teke hili linaushambulia mguu ambao mpinzani amesimamia. Juni 1976 jijini Tokyo, Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman kule Kinshasa mwaka 1974, alipanda ulingoni na mwanamieleka Antonio Inoki kwa sheria zilizombana sana Inoki. Karibu muda wote wa raundi 15 Inoki alilala chali akimpiga Ali mateke ya miguuni. Pambano lilitangazwa sare na watazamaji walikasirika, lakini miguu ya Ali ilivimba hadi akahitaji matibabu. Mwaka 1988 huko Las Vegas, Mmarekani Rick Roufus, bingwa wa kickboxing aliyezoea sheria zisizoruhusu kupiga mapaja, alikutana na Changpuek Kiatsongrit wa Thailand. Raundi ya kwanza Roufus alimwangusha Mthailandi huyo na kumvunja taya. Changpuek akaendelea kupiga paja, akarudia palepale, na katika raundi ya nne Roufus hakuweza tena kusimama.

Bondia huweka uzito mwingi kwenye mguu wa mbele ili ngumi iende mbali. Mguu wenye uzito hauwezi kuinuliwa haraka, na usipoinuliwa hauna kinga. Huo ndio wakati wa kupiga. Mpe ngumi mbili za usoni, akizizuia au akijibu atakuwa amekanyaga kwa nguvu mguu wa mbele, na hapo ugoko wako ushuke kwenye paja, shubiri moja juu ya goti. Ukipiga teke la chini peke yake, bila kitu cha kumshughulisha, atainua goti na utapiga mfupa kwa mfupa. Anderson Silva, mmoja wa wapiganaji hodari kuliko wote waliowahi kuingia UFC, ligi ya mapigano mseto, alivunjika ugoko hivyo Desemba 2013 teke lake lilipokutana na goti la Chris Weidman. Aprili 2021 Weidman naye alivunjika ugoko, kwa teke la kwanza alilompiga Uriah Hall, pambano likiwa halijatimiza nusu dakika. Ikiwa wataalamu kama hao imewatokea, wewe usipige teke la chini kwa mazoea tu.

Kuhusu kukomaza ugoko, kuna vijana wanaoviringisha chupa za soda kwenye mfupa au kuupiga kwa fimbo. Waache. Mfupa huimarika polepole kwa mzigo wa wastani unaorudiwa kwa miezi na miaka, na begi la mazoezi linatosha. Kama huna begi, jaza gunia nguo chakavu na uchanganye mchanga kidogo. Gunia la mchanga mtupu hugandamana chini na kuwa gumu kama saruji. Piga kwa ugoko, kuanzia katikati kushuka kidogo, maana mifupa ya juu ya wayo ni myembamba na hupasuka kirahisi. Maumivu ya siku moja mbili ni ya kawaida. Ukisikia maumivu sehemu moja tu ya mfupa, ukiigusa kwa kidole unaruka na usiku yanakuamsha, nenda ukapigwe eksirei kabla hujaendelea.

Hadi hapa tumezungumza na ukuta na gunia. Vyote viwili havirudishi.

Tofauti kati ya mtu anayejua teke na mtu anayeweza kulitumia ni saa alizokaa mbele ya mwenzake ambaye hataki apigwe. Hakuna kata, ile mifululizo ya karate unayoifanya peke yako, wala pedi inayoziba pengo hilo. Mwenzako anasogea, anakupiga wewe kwanza, anakamata mguu, na mara unagundua kwamba teke lako zuri linahitaji hatua moja na nusu ambayo hukupewa. Anza pole. Kubalianeni nguvu iwe robo ya ile mnayoweza, mateke tu, halafu mateke na ngumi, halafu ruhusuni kukamata mguu. Hili la mwisho dojo nyingi huliruka, na ni hasara. Anayekamatwa mguu anabaki na mmoja, na mwenzake akimpiga mtama hapohapo atajua kwa nini namng'ang'ania mtu arudishe goti haraka.

Fahamu pia kwamba kila sheria ya mchezo hujenga mazoea yake mwilini. Taekwondo ya Olimpiki hulipa zaidi teke la kichwa, kwa hiyo wachezaji wake wana miguu ya ajabu na mikono iliyoshuka. Kyokushin, staili ya Masutatsu Oyama, inaruhusu kupigana kwa nguvu zote lakini inakataza ngumi za usoni. Wapiganaji wake ni wagumu kupindukia, na husimama karibu mno bila kuogopa mkono. Karate ya Olimpiki ilidai pigo linalodhibitiwa: Agosti 2021 jijini Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza fainali alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa likamzimisha. Hamedi aliondolewa kwa kupiga kupita kiasi, na aliyekuwa amezimia akapewa dhahabu. Kwa sheria za mchezo wao uamuzi ulikuwa sawa. Nauleta hapa ili ujiulize: mchezo wangu unanizoesha nini, na unaniacha wazi wapi? Kama staili yako haina ngumi za usoni, tafuta siku moja kwa wiki ucheze na mabondia. Miezi michache ya jasho la gimu ya ngumi itakubadilishia mateke, kwa sababu utajifunza umbali.

Mabondia watakufundisha pia kuficha. Teke la kichwa likitoka peke yake mtu huliona. Agosti 2022, Leon Edwards alikuwa anapoteza pambano la ubingwa wa UFC mbele ya Kamaru Usman, raundi ya tano, imebaki chini ya dakika moja. Akaonyesha ngumi ya kushoto, Usman akaegemea pembeni kuikwepa, na teke la kushoto likakikuta kichwa chake pale kilipoelekea. Ngumi ile ndiyo iliyomfungulia mlango.

Sasa mtaani: watu wengi husema hujifunza kwa ajili ya huko. Ugomvi wa kweli hauanzi mkiwa mmeachana hatua tatu na mwamuzi katikati. Huanza kwa maneno, mtu amekusogelea hadi unasikia pumzi yake, mara amekukamata ukosi wa shati. Hapo hakuna nafasi ya teke la mzunguko. Chini kuna mchanga, tope la masika, vigae vilivyolowa, ukingo wa mtaro, na mguu wako wa kusimamia una kandambili. Umevaa jinzi ya kubana, kanzu au dera, na goti halipandi kupita kiuno. Jaribu hili nyumbani: vaa nguo unazotembea nazo kila siku, pamoja na viatu, upige mateke yako yote kwenye uwanja wa nje. Yatakayobaki ni mawili matatu, na hayo ndiyo ya kuyatilia bidii. Kwangu mimi yanayobaki ni teke la mbele la kusukuma tumbo ili kupata nafasi, teke fupi la ncha ya kiatu kwenye ugoko, na goti mkiwa mmeshikana.

Kinena wanawake wengi hufundishwa kama jibu la kila kitu. Ni shabaha nzuri, lakini mwanamume hukilinda kwa silika tangu utotoni: hufunga mapaja na kurudisha kiuno nyuma kabla hata hajafikiri. Akifanya hivyo kichwa chake huja mbele, basi dada yangu, uwe na jambo la pili tayari, kiganja usoni au kiwiko, na la tatu liwe kukimbia huku ukipiga kelele. Zoezi la goti lifanye ukiwa umeshikwa kweli na mwenzako aliyevaa pedi, umevaa gauni lako la kila siku. Bila kushikwa utajifunza nusu tu.

Mwili wenyewe hubadilika. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, macho yanaona kilicho mbele tu, na ufundi mwembamba unapotea. Yanayobaki ni yale uliyorudia mara elfu ukiwa umechoka. Ndiyo maana napendekeza mwisho wa mazoezi, baada ya kukimbia na kupiga pushapu hadi pumzi zikate, urudi kwenye teke la mbele na lile la paja kwa dakika tano, mwenzako akikusukuma na kukufokea.

Mwenye kisu usimpige teke. Ukimkosa anakuchana paja, na ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu. Mpe simu. Wakiwa watatu, teke linakusimamisha mahali pamoja kwa mguu mmoja huku mtu yuko nyuma yako, kwa hiyo sukuma aliye karibu na njia, kisha tumia miguu yote miwili kuondoka. Na kuna hatari ya mitaa yetu ambayo vitabu vya Japani haviizungumzii: ukisimama juu ya mtu anayevuja damu, mtu wa kwanza kufika hajui nani alianza. Akipiga kelele za mwizi, umati unaweza kukugeukia wewe. Nenda kwenye duka lenye watu au kwa mjumbe, eleza wewe kwanza, kisha polisi. Sheria za Tanzania na Kenya zinatambua haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Aliyeanguka na kuacha kupigana si hatari tena kwako, na teke la ziada linakugeuza wewe kuwa mshambuliaji. Vifo vingi vya ugomvi wa namna hii hutokana na kichwa kugonga lami, si pigo lenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwacha mtu mara tu umepata nafasi.

Basi uchague mwalimu. Kabla hujalipa ada omba kukaa pembeni jioni moja utazame. Angalia kama anashuka chini kushika kisigino cha mwanafunzi na kukigeuza, au anahesabu tu kwa sauti huku wanafunzi wakirusha miguu. Angalia kama wakubwa wanacheza na wadogo kwa kipimo. Mkanda mweusi na picha za ukutani zinakuambia kidogo. Wanafunzi waliodumu naye miaka mitano wakiwa na magoti mazima wanakuambia zaidi. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka minane aulize kama watoto wanapigwa vichwani, na jibu linalofaa ni hapana. Aliyevuka arobaini aulize kama anaweza kupewa muda mrefu zaidi wa kupasha mwili moto na siku ya kupumzika katikati, maana kano zinachelewa kupona kuliko misuli.

Na siku mwenzako akipigwa kichwani akayumba, akasahau raundi iliyopita au akatapika, tazama mwalimu anafanya nini. Anapaswa kumtoa palepale, kuhakikisha harudi nyumbani peke yake, kumpeleka hospitali haraka akizidiwa na usingizi au maumivu, na kutomruhusu kupigana tena mpaka dalili zote ziishe na daktari amruhusu. Akimwambia avumilie amalizie raundi, vaa viatu vyako na utafute dojo nyingine.